Krismasi na Heshima ya Mwili

Hitilafu za makanisa juu ya tarehe ya kuzaliwa Kristo ni za kale, wala hazielekei kwisha. Injili za Mathayo na Luka zasimulia kuzaliwa kwake bila ya kutaja siku wala mwezi. Warumi waliiandika 25 Desemba katika kalenda yao ya mwaka 354, Waarmenia wangali wanaadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwake pamoja tarehe 6 Januari, na Wahabeshi, kwa hesabu ya kalenda yao wenyewe, husherehekea aghalabu tarehe 7. Wapuritani wa Massachusetts, Marekani, kwa kuwa hawakuikuta siku hiyo katika Maandiko, walitunga sheria mwaka 1659 ya kumtoza shilingi 5 kila aliyeonekana ameacha kazi au amefanya karamu kwa ajili yake. Nawastahi kwa uaminifu wao, walakini msingi wa sikukuu hii haumo katika tarehe. Umo katika itikadi kwamba Mungu, asiyeonekana wala kushikika, alitwaa mwili wa mwanadamu, akaona njaa, akanyonya, akalia kama kitoto chochote kiliavyo.

Itikadi hiyo ni nzito kupita tuidhaniavyo tunapoiimba. Wafuasi wa Plato waliuhesabu mwili kuwa kifungo cha roho, na walikuwako Wakristo wa karne za mwanzo walioona haya hata wakanena kwamba Kristo alikuwa na sura tu ya mwili, bila ya nyama wala damu. Kanisa liliwakana, na kwa kuwakana huko lilijifunga kwa ahadi ambayo mara nyingi hulisahau: kwamba madhali mwili umestahili kukaliwa na Mungu, hakuna mwili wa mtu awaye yote uwezao kuhesabiwa dhalili.

Maana hiyo ilidhihirika Mkunazini, Unguja, pengine kuliko mahali pengine popote katika pwani yetu. Hapo palikuwa na soko la watumwa, ambamo watu walipangwa safu kama bidhaa, na wanunuzi wakawafunua vinywa kutazama meno, wakawapapasa mikono na mapaja, wakawaamuru watembee ili ijulikane kama wana kilema. Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alikubali mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa, na Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu ambalo mmisionari Mwingereza Edward Steere alisimamia ujenzi wake. Palipokaguliwa miili ili itiwe bei, pakaanza kuabudiwa Mungu aliyetwaa mwili kama ile.

Kwa hiyo siungani na wahubiri ambao kila Desemba huwakemea watu kwa pilau na nguo mpya. Dini isemayo kwamba Mungu aliona njaa haina sababu ya kukionea haya chakula. Lililo wajibu wake ni kuuliza nani amekaribishwa kwenye sinia, na nani amesimama mlangoni.

Na hapa yanipasa kulisema lile liniumalo. Katika baadhi ya makanisa yetu msichana apataye mimba kabla ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, na mwanawe akangojeshwa ubatizo mpaka mama atubu mbele ya washarika, ilhali baba wa mtoto, ambaye mwili wake haukumfichua, husimama katika kwaya akiimba habari za Mariamu. Mariamu yule yule ambaye Yusufu, kwa masimulizi ya Mathayo, alikusudia kumwacha kwa siri kwa sababu ya mimba. Sisemi kosa lisiitwe kosa, wala siulinganishi uzazi ule na mwingine wowote. Nasema mtoto mchanga hana alilolikosa, na kanisa limwadhimishalo mmoja aliyezaliwa katika shaka za watu, huku likimfungia mlango mwingine, limeikana kwa vitendo itikadi lililoikiri kwa nyimbo. Lau ningepewa kuipanga ibada ya asubuhi ya Krismasi, watoto wa namna hiyo wangebatizwa siku hiyo mbele ya watu wote, majina yao yakitajwa kwa sauti, na mama zao, wakiwa wamewapakata, wangewekwa viti vya mbele pamoja na wazee wa kanisa.