Fungu la Waliobaki na Mizigo
Andiko la wiki: 1 Samweli 30:9-25



Kila siku makanga wanaita "Kariokor! Kariokor!" na sisi tunapanda matatu, bila kufikiria jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi walioandikishwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Barabara zilikuwa chache na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, kwa hivyo risasi na unga vilibebwa kichwani. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikaribia milioni moja, na wengi walichukuliwa kwa lazima. Zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Swali langu ni hili: mtu ambaye hakushika bunduki, katika vita ambavyo havikuwa vyake, anastahili heshima ya askari?

Daudi alikutana na swali kama hilo. Watu wake 200 walichoka, wakabaki kijito cha Besori pamoja na mizigo. Wale 400 waliporudi na ushindi, baadhi yao wakasema hao wengine wasipewe nyara. Daudi akakataa. Akaweka sheria kwamba fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa na vyombo liwe sawa. Hakuuliza nani aliua wangapi.

Sisi hatukufuata sheria hiyo. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu ya mashujaa wa vita hivyo, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yanaahidi kwamba wana wao watalikumbuka jina lao. Lakini jina lenyewe haliko hapo. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hata mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Mimi nilisomea biashara, na huko tunafundishwa kwamba deni halifutiki kwa sababu mwenye kudai amekufa. Linahamia kwa warithi wake. Heshima nayo ni deni.

Mtu atasema, "Pastor, Mungu anawajua wote kwa majina, inatosha." Ni kweli anawajua. Lakini Mungu anamjua pia mwenye njaa, na bado anatuamuru tumlishe. Mwingine atasema kanisa la Mfalme wa Amani lisisifu vita. Nakubaliana naye. Lakini kumheshimu mtu si kubariki vita vilivyommaliza. Tena aliyelazimishwa tunamwia zaidi, maana alichukuliwa kile ambacho hakukitoa.

Sasa tusiishie 1918. Tarehe 15 Januari 2016, vijana wetu wa KDF walishambuliwa kambini El Adde, Somalia, wengi wakafa. Jameni, kuna wajane waliopokea bendera na salamu za rambirambi, halafu simu zikanyamaza. Kuna askari mstaafu anayekaa kiti cha nyuma kanisani, usiku halali, mchana anakunywa, na sisi tunamwita mlevi. Hatujamuuliza aliona nini.

Tena kuna mke aliyebaki nyumbani akilea watoto peke yake mume akiwa mpakani. Huyo naye alikaa na mizigo. Kwa sheria ya Daudi, fungu lake ni sawa.

Kwa hivyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani ufanye mambo mawili. Waulizeni wazee kama kuna babu aliyekwenda vitani asirudi, mliandike jina lake na kulitaja katika maombi. Halafu mtafuteni mjane mmoja wa askari, au askari mstaafu mmoja, mwende kumtembelea. Msiende kuhubiri. Pelekeni unga na sukari, mkae, msikilize. Na mwezi ujao mrudi tena.

Mungu awabariki.