Shahada ya Askari

Watu huuliza: Je, shahada aliyoipata askari kwa njia ya mtandao, bila kuketi darasani hata siku moja, yastahili heshima sawa na ya mtu aliyekaa miaka minne mbele ya mwalimu? Swali hili latuhusu sana sisi wa Zombe. Kutoka nchi yetu kavu ya mashariki ya Kitui, na kutoka Ukambani kote, vijana wameingia jeshini tangu zamani za King's African Rifles. Yamkini wewe, msomaji, una kaka au mjomba aliyevaa sare, na huenda nawe watamani kuivaa. Basi yakupasa kulipima jambo hili kwa mizani ya haki, wala si kwa mazoea.

Wanaoidharau shahada hiyo husema kwamba elimu ya mbali si elimu. Walakini habari za Afrika zakanusha neno hilo. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka wa 1946, na Nelson Mandela alipata kwacho shahada ya sheria mwaka wa 1989, naye angali mfungwa. Tanzania ilianzisha kwa sheria Chuo Kikuu Huria mwaka wa 1992. Kenya nayo ilikipa Chuo Kikuu Huria chake hati mwaka wa 2023, na makao yake yako Konza, huku huku Ukambani. Mlango wa elimu hiyo si wa uani. Ni mlango halali uliofunguliwa kwa watu ambao kazi zao haziwaruhusu kupita mlango mwingine.

Na ni nani anayeuhitaji mlango huo kuliko askari? Majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, hapana aliyeweza kumwambia mkuu wake, "Ningoje nimalize mtihani." Askari huenda aendako kwa amri, na hurudi kwa amri. Kama elimu ya juu ingepatikana darasani tu, basi mlinzi wa shule za wenzake angefungiwa nje ya shule. Hiyo ingekuwa dhuluma.

Tena fikiri juu ya siku ya kuivua sare. Askari wengi huacha utumishi wakiwa bado na nguvu na watoto wa kulea. Waliorudi kutoka Burma baada ya vita kwisha mwaka wa 1945 walikuwa wameona dunia, lakini wengi wao walikuta kwamba ushujaa haukuwapatia kazi. Marekani ilikuwa imejiandaa kwa shida kama hiyo kwa sheria ya mwaka wa 1944 ya kuwalipia askari gharama za masomo, na zaidi ya milioni 2 kati yao wakaingia vyuo vikuu.

Lakini penye asali hapakosi nyuki. Fedha za masomo ya askari huwavuta pia wachuuzi wa vyeti. Huko Marekani kwenyewe, mwaka wa 2012, Rais Obama alilazimika kutia sahihi amri ya kuwakinga askari na vyuo vilivyowalaghai. Kwetu, yafaa kwanza kuiuliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo kinatambuliwa, ndipo mtu atoe shilingi yake.

Iko hatari nyingine iliyo ya ndani zaidi. Yajulikana kwamba hapa Kenya wako wasomi wanaopata riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na kazi za chuo. Askari mwenye mshahara naye aweza kumlipa mtu amwandikie, na chuo kilicho mbali kisitambue. Hapo ndipo lilipo swali lenyewe la maadili. Anayesoma kwa mtandao huachwa peke yake na dhamiri yake.

Hata hivyo, hali hiyo si ngeni kwa askari. Usiku wa manane, akiwa lindoni, mkuu wake amelala na wenzake wamelala. Hakuna amwonaye akifumba macho. Uaminifu wake haupimwi na gwaride la mchana mbele ya watu. Hupimwa na saa hiyo ya giza. Askari aliyekesha lindoni, kisha akanunua insha, ameiacha zamu yake mahali pengine. Na hasara haitamwangukia yeye tu. Mkuu wa ugavi aliyenunua shahada na asijue hesabu huenda akawapelekea wenzake maji pungufu jangwani. Na watu wa Zombe hatuhitaji kuelezwa maana ya maji pungufu.

Ni kweli kwamba mtandao haufundishi kila kitu. Tabibu hana budi kumgusa mgonjwa, na mhandisi hana budi kushika chombo. Darasa nalo lina faida ya mabishano ya ana kwa ana, ambayo hunoa akili kama tupa inoavyo panga. Lakini upungufu huo si sababu ya kuitupa elimu nzima, kama vile ukame wa mwaka mmoja usivyokuwa sababu ya kuacha kulima.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na askari mwenye shahada ya namna hiyo, usimwulize aliketi wapi alipokuwa akisoma. Mwulize anajua nini leo ambacho hakukijua jana, na ni nani aliyeziandika kazi zake. Akijibu maswali hayo bila kuinamisha uso, mpe heshima kamili. Maana amelinda nchi, na pia amelinda neno lake mahali ambapo hapakuwa na wa kumtazama.