Aliyefungua Mlango

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo, Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba zamani hapo palikuwa kijiji. Ajuza mgeni alifika usiku watu wakiwa kwenye sherehe, akaomba msaada, akafukuzwa. Mama mmoja tu ndiye aliyempokea. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, akapona yule aliyemfungulia mlango.

Mwilini mwetu kuna kisa kinachokwenda kinyume: aliyefungua mlango ndiye anayekufa.

Bakteria wa dondakoo hutoa sumu ambayo ni protini yenye sehemu mbili, moja ya kushika na nyingine ya kuua. Ile ya kushika hutafuta protini iliyo juu ya seli zetu, inayoitwa HB-EGF. Protini hii haikuwekwa pale kwa ajili ya ugonjwa. Inasaidia seli kukua na vidonda kupona. Sumu ikishaishika, seli inaimeza ndani ya kifuko kidogo, kama inavyomeza vitu vingine kila siku. Kifuko kinajaa asidi, jambo la kawaida tu. Lakini asidi hiyo ndiyo inayoikunjua sumu. Sehemu ya kuua inapenya ukuta wa kifuko, na kazi yote ya kutengeneza protini inasimama. Molekuli moja tu ya sehemu hiyo inaweza kuua seli nzima.

Sasa niambie, seli ilikosea wapi?

Swali hili si la maabara peke yake. Rafiki yako akitapeliwa na mtu aliyemwamini, huwa tunamwambia nini kwanza? "Kwani hukuona?" "Si ungekataa tu?" Tunamhesabia yeye kosa, kana kwamba kuamini ni uzembe. Lakini seli iliyofunga kila mlango haili wala haikui. Na yule mama wa Simbi hakujua mgeni wake ni nani. Yeye na seli walifanya tendo lile lile; kilichotofautiana ni mgeni.

Kuna pia panya. Naye ana HB-EGF, ila umbo lake limetofautiana kidogo na la kwetu, kwa hiyo sumu haimshiki vizuri. Panya hakuwa mwerevu, alibahatika tu. Wengi wetu ambao hatujawahi kutapeliwa tuko hivyo hivyo, halafu tunajiita wajanja.

Je, basi tukae tu bila ulinzi? Hapana. Kingamwili huikamata sumu ikiwa bado nje. Ikishaingia ndani ya seli, haziwezi kuifuata. Ndiyo maana mtoto wa Kenya huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa sumu ile ile iliyokwisha kuondolewa makali. Mtoto hafundishwi kushuku kila mtu. Mzazi anambeba hadi kliniki, muuguzi anamdunga, na wanaomzunguka wakichanjwa, yeye naye anakingika zaidi. Ulinzi ni kazi ya wengi, tena hufanywa mapema.

Kwa hiyo rafiki akija kwako na machozi, swali la kumuuliza si kwa nini alifungua. Jiulize nani mtaani alimjua yule tapeli na akanyamaza. Huenda ni wewe.