Kutupa ni Kumpa Nani?

Ukipita mitaa ya zamani ya Homa Bay, zile nyumba za tangu mji ulipokuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, inua macho uangalie mapaa. Utakuta ya kijivu, yenye mawimbi mapana, yameota kuvu nyeusi, mengine yamevunjika pembeni. Ukishika barabara hadi Rongo na Migori mjini, utayaona tena kwenye nyumba ambazo mabati ya rangi hayajazifikia. Tunapita chini yake kila siku na hatuulizi kitu. Hiyo ni asbesto.

Siandiki kukutisha. Ninachotaka tufikirie ni siku ambayo mwenye nyumba anaamua kuitoa, maana siku hiyo ndiyo inayotupima utu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Asbesto ni madini yenye nyuzi. Nyuzi hizo zilichanganywa na saruji kutengeneza mabamba ya paa, kwa sababu haziungui, hazishiki kutu na hazikuwa ghali. Bamba likiwa zima, nyuzi zimeshikwa na saruji na hatari yake ni ndogo. Balaa huanza likivunjwa, likikatwa kwa msumeno, likigongwa nyundo, au likizeeka hadi kumomonyoka. Hapo nyuzi hupanda hewani. Huzioni, hazinuki, hazikufanyi ukohoe saa hiyo. Ukizivuta, nyingine hukwama kwenye mapafu na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Hapa Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka kwenye orodha ya taka hatari.

Kwa hivyo paa ambalo limekaa miaka hamsini kimya linaweza kuwa na siku moja mbaya kuliko zote, na siku hiyo ni ile ya kulishusha.

Kuna njia ya kulishusha. Watu wenye leseni ya NEMA hulowesha mabamba kwa maji ili vumbi lisiruke. Hufungua skrubu na bolti, hawapigi nyundo. Huvaa ovaroli za kutupwa baada ya kazi na barakoa zenye kichujio maalum, maana kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizi. Mabamba hushushwa mazima, hufungwa kwa plastiki nzito, huandikwa ni nini, kisha husafirishwa na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Njia hii ina gharama, na gharama hiyo wengi hawana.

Njia ya pili tunaijua wote. Unaita kijana wa kibarua, mnaelewana bei, anapanda na nyundo. Kufikia saa tisa paa liko chini, vipande vimejaa uwanjani. Halafu mzee anasema, kwa roho safi kabisa: "Kijana, hizo nzimanzima ukitaka beba." Kijana anajibu: "Asante sana, mzee." Kesho yake mabamba yale ni banda la kuku, au choo, au paa la jikoni ambapo mama yake anapika. Vile vipande vidogo vinafukia shimo barabarani, na kila boda inayopita inavisaga.

Hapa ndipo swali langu liko. Kwetu, kutupa kitu ambacho bado kinafaa ni aibu. Kumpa mwenye shida ni wema. Lakini mzee ametoa hatari kwake na kumpa mtu ambaye haijui. Na kama hakuna pahali duniani panapoitwa "huko" pasipo na mtu, basi kila kutupa ni kumpa mtu fulani. Swali ni kama amepewa akijua.

Utaniambia kijana alikubali. Hakuna aliyemlazimisha, na pesa yake alipata. Sawa, lakini alikubali nini? Alikubali kupanda juu na kuchomwa na jua, na labda kuanguka, kwa sababu hatari ya kuanguka anaiona kwa macho. Hakukubali kupumua kitu ambacho hajawahi kusikia jina lake. Hiari inahitaji habari. Ukijua na mwenzako hajui, na bei mmeielewana ukiwa umenyamaza, basi ule unafuu uliopata umetoka kwenye kifua chake.

Kinachofanya ukimya huu uwe mtamu ni muda. Magonjwa ya asbesto huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza: mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, saratani ya utando unaoyazunguka. Kibarua wa miaka 22 leo ataanza kukosa pumzi akiwa na wajukuu, na hakuna daktari atakayemuuliza kuhusu paa fulani la Homa Bay. Mzee atakuwa ameshazikwa kwa heshima zote. Kosa halitakuwa na shahidi.

Hata penye mashahidi, ona ilivyochukua muda. Mwaka 1924, mjini Rochdale, Uingereza, Nellie Kershaw alikufa akiwa na miaka 33. Alikuwa amefanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto kiwandani. Waajiri wake walikataa kulipa fidia. Kisa chake kiliandikwa katika jarida la madaktari mwaka huohuo. Uingereza ilikuja kupiga marufuku asbesto kabisa mwaka 1999. Hiyo ni miaka 75 ya watu kujua na kuendelea. Na humo katikati waliugua hata wanawake ambao hawakukanyaga kiwandani. Walifua tu nguo za kazi za waume zao.

Watu wa Migori hawahitaji kufundishwa habari ya sumu inayokuja polepole. Kule Macalder, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanashika zebaki kwa mikono mitupu, kwa sababu njaa ni ya leo na sumu ni ya kesho. Siwezi kumlaumu mtu anayefanya hesabu hiyo juu ya mwili wake mwenyewe. Ninachokataa ni kuifanya hesabu hiyo juu ya mwili wa mtu mwingine, kisha tukaiita bei ya soko.

Sasa, mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili, paa limeanza kuvuja, utamwambia nini? Kumwambia atafute kampuni yenye leseni ni kama kumwambia akodi ndege. Hili pingamizi ni zito na silikwepi. Nadhani wajibu wake unalingana na uwezo wake, lakini haufiki sifuri. Kama mabamba ni mazima, anaweza kuyaacha. Kutogusa pia ni uamuzi mzuri. Kutoyakata na kutoyapiga msasa hakugharimu kitu. Kutompa jirani hakugharimu kitu. Na kumwambia fundi, "Hii ni asbesto, ina madhara haya," hakugharimu kitu, ingawa huenda fundi akaongeza bei au akaondoka. Hiyo bei mpya ndiyo bei yenyewe.

Mzigo mkubwa uko kwa wengine. Mapaa mengi ya aina hii yaliwekwa na serikali, kwenye nyumba zake na shule zake. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kinataja pia vizazi vijavyo. Kaunti ikitoa zabuni ya kukarabati shule na kuacha kuandika neno asbesto kwenye hesabu ya kazi, imefanya kile alichofanya mzee na kijana wake, tena kwa watoto mia tano.

Wajaluo walikuwa wakisimamisha osuri, kijiti kilichochongoka, kwenye kilele cha paa la mwenye boma. Kilisema mwenyewe yupo hai. Naipenda fikra hiyo, kwamba paa lina mtu wa kulijibia. Tatizo letu ni kudhani kwamba paa likishafika chini, mwenyewe hayupo tena. Mimi naona bado lako hadi lizikwe. Na kama huwezi kulizika leo, angalau mwambie ukweli anayelibeba.