Mvua, Mizani na Nia ya Mtu

Epictetus, mwanafalsafa wa kundi la Wastoiki, alizaliwa karibu mwaka 50 katika mji wa Hierapolis, ambao sasa umo katika nchi ya Uturuki. Alikuwa mtumwa mjini Roma, na alipokwisha kupata uhuru wake akafundisha falsafa katika mji wa Nicopolis, Uyunani. Mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian. Msingi wa mafundisho hayo ni kwamba mambo yote ni mafungu mawili: yaliyomo katika uwezo wetu na yasiyokuwamo. Nia zetu, hukumu tunazozitoa moyoni na yale tunayoyataka au kuyakataa ni yetu. Bali mwili, mali, sifa na vyeo, hivyo hatuvimiliki kwa ukamilifu. Mwenye kuyachanganya mafungu hayo hakosi kuishi katika huzuni na hofu.

Hebu tuyapime mafundisho hayo kwa maisha ya mkulima wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyotengwa kutoka Iramba mwaka 2012. Katika nchi hiyo msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, nao huanza takriban Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mvua ikikatika katikati, hakuna msimu wa pili wa kufidia hasara. Mkulima hawezi kuliamrisha wingu. Lakini aweza kulitayarisha shamba mapema, kupanda mtama au uwele ambao huvumilia ukame kuliko mahindi, kukinga maji kwa matuta, na kuwaamia ndege nafaka inapokomaa.

Je, mwenye kusema, "Yote ni kazi ya Mungu," hali jembe lake limelala, amelifahamu somo hili? La, hasha! Wastoiki walipiga mfano wa mpiga upinde. Kuchagua mshale mzuri, kuuvuta upinde sawasawa na kulenga kwa makini ni juu yake. Lakini mshale ukiisha kutoka, upepo waweza kuupotosha. Nasi Waislamu tunayo Hadithi mashuhuri ya mtu aliyemwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi kutegemea huanza mahali ambapo jitihada imefika mwisho wake, wala si kabla ya hapo.

Kutokana na hayo hutoka jambo ambalo wengi hulisahau. Ikiwa matokeo hayamo katika uwezo wa mtu, basi hatuna haki ya kumpima mtu kwa matokeo. Majirani wawili hulima kwa bidii moja. Mvua hunyesha huku, na kule ikapita. Baada ya mavuno, mmoja huitwa hodari na mwenzake huitwa mvivu. Huo ni udhalimu wa ulimi. Aliyevuna magunia mengi asijivunie wingu, na aliyekosa asiongezewe aibu juu ya njaa. Tuulize tu: kila mmoja alifanya nini na kile alichokuwa nacho?

Lakini ipo hatari nyingine, nayo ni kuhesabu dhuluma za wanadamu pamoja na ukame. Mkoa wa Singida wajulikana kwa alizeti na vitunguu. Mkulima apelekapo vitunguu sokoni, mara nyingi hutakiwa kuvijaza kwa lumbesa, yaani gunia hushindiliwa na kuongezwa kilemba juu ya mdomo wake, naye hulipwa bei ya gunia moja. Mtu humwambia, "Vumilia, ndivyo soko lilivyo." Je, lumbesa ilishuka kutoka mawinguni? Ni kazi ya mikono ya watu, na sheria ya vipimo ya Tanzania inaikataza. Ni kweli kwamba mkulima mmoja akikataa peke yake, mnunuzi humwacha akaenda kwa jirani. Lakini wakulima wote wa kijiji wakikubaliana kuuza kwa mizani, jambo lililokuwa nje ya uwezo wa mmoja huingia katika uwezo wa wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, kabla ya kumhimiza mtu asubiri, yatupasa kuuliza maswali mawili. La kwanza: Je, jambo hili halimo katika uwezo wangu, au halimo katika uwezo wa mtu yeyote? La pili: Je, mimi ninayemhimiza mwenzangu asubiri, si miongoni mwa wale wanaoweza kumwondolea taabu hiyo? Mnunuzi anayehubiri subira huku akishindilia gunia hafundishi falsafa wala dini. Anailinda faida yake.

Subira ni pambo la mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake. Mvua ikikataa baada ya shamba kulimwa vema, mkulima na alale bila kujilaumu, na jirani yake aliyejaliwa amgawie nafaka. Kwani kugawa kumo katika uwezo wake. Mwenyezi Mungu atujalie kuyapambanua mambo hayo. Amin.