Miriamu na Mtoto wa Jirani



Fungueni Hesabu sura ya 12. Miriamu na Haruni wanamsema ndugu yao Musa kwa sababu ameoa mwanamke Mkushi. Miriamu hakuwa mtu wa hovyo: alikuwa nabii, na ndiye aliyeongoza wanawake kwa matari baada ya kuvuka Bahari ya Shamu. Mama mheshimiwa kabisa, ila alimsema wifi yake kwa asili yake. Mungu akasikia. Miriamu akapigwa ukoma, akakaa nje ya kambi siku saba, na taifa zima likasimama likimngoja.

Nimeichagua sura hii kwa sababu ya watoto wetu wa shule ya msingi. Maneno wanayorushiana uwanjani hawayatoi kwa walimu. Wanayasikia jikoni, maharage yakichemka, mama akizungumza na shangazi: usikae na mtoto wa yule Mrundi, wale wezi. Mwalimu aliyehamia kutoka Bukoba naye hasalimiki. Wahaya, tunasema, wana majivuno. Jumatatu mtoto anayabeba maneno hayo pamoja na madaftari.

Munanila yetu, hapa Buhigwe, iko mpakani na Burundi. Kiha na Kirundi vimekaribiana kiasi kwamba bibi wa hapa na bibi wa ng'ambo wanapatana bei sokoni bila mkalimani. Watemi wa Heru waliotawala wazee wetu walikuwa wa ukoo wa Kitutsi, na mmoja wao, Mwami Theresa Ntare, mwanamke, alitiiwa na wanaume wenye mvi. Wakaja wakimbizi kutoka Burundi, wa 1972, wa 1993, na wa 2015. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, lakini ndoa zilizofungwa miaka yote hiyo hazikufungwa pamoja na kambi. Na ikifika palizi, ni akina nani tunaowatafuta kwa vibarua? Tunamkabidhi Mrundi jembe letu na shamba letu, kisha tunamkataza mtoto kukaa dawati moja na mwanawe.

La kushangaza zaidi, sisi wenyewe tunaujua uchungu huo. Muulize kijana yeyote wa Buhigwe au Kasulu aliyekwenda kutafuta kitambulisho cha taifa: ataje babu, ataje babu wa babu, na bado atazamwe kwa shaka. Muulize aliyehamia Dar es Salaam alivyochekwa lafudhi yake, akaitwa mtu wa mwisho wa reli, mchawi, Mrundi. Alirudi likizo akilalamika, na tukamhurumia. Kisha tukamgeukia jirani.

Wengine watanijibu kwamba huo ni utani tu, na makabila yetu yana watani tangu zamani. Nakubali, utani ni mali nzuri ya nchi hii. Lakini mtani ana haki ya kujibu. Mnatukanana mkicheka, na msibani anakuja kukutania tena huku akikusaidia kazi. Mtoto wa darasa la tatu anayezomewa na darasa zima atamjibu nani? Huyo hataniwi, anaonewa.

Serikali ilishasema lake. Shule zilizogawanywa kwa rangi wakati wa mkoloni ziliunganishwa mwanzoni mwa uhuru, na Katiba, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alikotoka. Lakini Katiba haiketi kwenye mafiga yetu. Pale tunaketi sisi, na watoto wanasikiliza hata tunapodhani wamelala.

Tena tusijifariji kwamba mambo haya ni madogo. Waliokimbia Burundi walikimbia mauaji, na kabla ya panga kushikwa kule, watu walikuwa wamekwisha kufundishwa kumwona jirani kama aina ya mtu, si mtu.

Basi juma hili, mtoto akirudi kutoka shuleni, muulize anakaa dawati moja na nani. Akikujibu kwa kutaja kabila, mrudishe kesho akaulize jina. Na kwenye kikao cha wazazi kijacho, nakusihi, mama, nakusihi, baba, kaa karibu na mzazi wa mwenzake huyo wa dawati, kisha mwambieni mwalimu mkuu kwa pamoja kwamba majina ya kubaguana kwa kabila hamtaki kuyasikia tena darasani.