Ukiwa na Sufuria Moja

Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Liverpool, mtaa wa Denison ulikuwa na nyumba nyingi lakini sufuria kubwa ya kuchemshia maji ya kufulia ilikuwa moja tu. Mwenye sufuria hiyo alikuwa mama mmoja aitwaye Kitty Wilkinson.

Kitty hakuwa mtu wa kutajwa barazani kwa wakubwa. Alizaliwa Ireland mwaka 1786. Akiwa mtoto, familia yake ilipanda meli kwenda Liverpool, na meli ikapata ajali karibu na mlango wa mto Mersey. Bahari ikamchukua baba yake. Akakulia kwenye kiwanda cha pamba, na ukubwani riziki yake ikawa kuwafulia watu nguo. Mtu wa namna hiyo, ugonjwa wa namna hiyo unapobisha hodi, tungemsamehe kama angejifungia ndani na kuomba ipite.

Yeye alifungua mlango. Aliwaita majirani walete nguo na matandiko ya wagonjwa wao, wafue kwake kwa maji yanayotokota, na dawa ya klorini akaitia. Aliyeweza alichangia peni moja kwa wiki.

Zingatia jambo hili: mwaka huo hakuna daktari aliyejua kwa hakika kipindupindu huenea vipi. Wengi walilaumu harufu mbaya na hewa chafu. Ilichukua miaka 22 zaidi, hadi mwaka 1854, ndipo daktari John Snow alipoonyesha kule London kwamba ugonjwa husafiri kwenye maji. Kitty hakungoja wasomi wamalize hoja. Aliona shuka chafu, alikuwa na maji ya moto, akavikutanisha.

Ndugu msomaji, nimeanza na sufuria kwa makusudi. Ninajua vikao vyetu. Tukiitwa kusaidia mtaa wetu, swali la kwanza huwa, "Mfuko una shilingi ngapi?" La pili, "Mfadhili ni nani?" Tukikosa majibu tunafunga kwa sala, tunanywa chai, tunarudi nyumbani. Mimi leo nakuomba uanze na swali jingine kabisa: jikoni kwako kuna nini?

Sasa tazama kilichofuata, kwa maana sufuria moja peke yake isingeuokoa mji.

Mjini Liverpool walikuwako Waunitari. Hawa ni watu ambao imani yao ilichipuka ndani ya Ukristo, wakisisitiza kwamba Mungu ni mmoja na kulikataa fundisho la Utatu. Nchini Uingereza, mpaka mwaka 1813, kulikana fundisho hilo kulikuwa kosa mbele ya sheria. Siku hizi wamo hata katika ukanda wetu. Kenya, Uganda na Burundi kuna sharika zao. Unaweza kukubaliana na mafundisho yao au usikubaliane. Mimi nakualika utazame mikono yao.

Usharika wao mmoja ulisali katika mtaa wa Renshaw. Hawakuwa malaika, na mji wao haukuwa mtakatifu. Liverpool ilinona kwa biashara ya watumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Uingereza. Mwenzao, William Roscoe, aliyekuwa mbunge wa mji huo, alipiga kura mwaka 1807 kuikomesha biashara hiyo, na aliporudi nyumbani alipokewa na ghasia za watu wenye hasira. Akapoteza kiti chake bungeni. Jina lake limebaki, na bustani iliyo mahali palipokuwa makaburi ya kanisa hilo, alipozikwa, inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Katika watu hao ilikuwamo familia ya Rathbone, wafanyabiashara wenye uwezo. Waliposikia habari za Kitty walimchangia ili kazi iendelee. Kisha wao na wengine wakaisukuma halmashauri ya mji, na mwaka 1842 nyumba ya umma ya kufulia na kuogea ikafunguliwa katika mtaa wa Frederick. Waliokabidhiwa kuisimamia walikuwa nani? Kitty na mumewe, Tom. Mwaka 1846 Bunge likapitisha sheria iliyoruhusu miji mingine ijenge nyumba kama hiyo.

Hapo pana somo ambalo natamani kila kamati ya kanisa, kila kamati ya msikiti na kila kikundi cha akina mama ilishike. Wenye mali hawakumnyang'anya mama yule usukani. Hawakumwambia, "Ahsante, sasa waachie wataalamu." Walimwongezea upepo kwenye tanga, yeye akaendelea kushika usukani wa kazi aliyoianzisha. Kama usharika wako una fedha, kabla hamjabuni mradi mpya, ulizeni kwanza: katika mtaa huu, nani tayari anafanya kazi hii bila msaada? Mama yupi anawalisha watoto wa jirani? Kijana yupi anazibua mtaro kila mvua zikikaribia? Mtafuteni huyo. Mradi wenu mmekwisha kuupata.

Fedha nazo hazifiki kila mahali. Kuna mahali panapofikiwa kwa miguu tu.

Mjini Boston, Marekani, mchungaji Joseph Tuckerman alikuwa ameanza mwaka 1826 huduma ya kuwatembelea maskini majumbani mwao. Alifika Uingereza miaka michache baadaye, na mfano wake ukawagusa Waunitari wa huko. Mwaka 1836 wale wa Liverpool wakaanzisha misheni ya namna hiyo. Mtumishi wake alikuwa John Johns, mshairi aliyeacha usharika mtulivu wa mji mdogo wa Crediton akaja kuingia kwenye vyumba vya chini ya ardhi, ambamo familia nzima ililala kwenye sakafu yenye maji. Hakuwa ametumwa kuwavuta watu waje kujaza viti vya kanisa la waliomtuma. Alitumwa awe rafiki yao, na akawa.

Ukaja mwaka 1847. Njaa kuu ya Ireland ilisukuma watu karibu 300,000 kuteremka bandarini Liverpool ndani ya mwaka huo mmoja, wakiwa dhaifu, na homa ya tifasi ikawafuata vyumbani. Johns hakupunguza ziara zake. Homa ikampata, akafariki mwezi Juni. Mwaka huohuo mapadri kumi wa Kanisa Katoliki walikufa mjini humo wakiwahudumia wagonjwa. Kanisani wasingekubaliana juu ya mambo mengi, lakini kwa wagonjwa walikuwa wakipita njia moja.

Sikusimulii haya ili ukafe. Nakusimulia ili uone kwamba kumtembelea mtu nyumbani kwake si jambo dogo la kuachiwa wazee wasio na shughuli. Mgonjwa wa mtaa wako anaweza kutumiwa fedha kwa simu, na ni vyema. Lakini simu haitaona kwamba hana maji ndani. Simu haitamgeuza upande wa pili kitandani.

Nimefika sasa kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Mwaka 1859 mke wa William Rathbone, wa familia ileile, alifariki baada ya kuuguzwa nyumbani na muuguzi aitwaye Mary Robinson. Katika majonzi yake Rathbone akajiuliza: kama nyumba yangu yenye kila kitu ilimhitaji sana mama huyu, hali ikoje kwa mgonjwa asiye na chochote? Akamwomba Mary awauguze maskini wa mtaa mmoja kwa miezi mitatu. Gharama angezibeba yeye.

Mwezi mmoja ulipokwisha, Mary alirudi akilia. Alikuwa ameona mateso yasiyovumilika na alitaka kuacha.

Shika hapo, maana hapo ndipo kazi nyingi za kujitolea huzikwa. Mwezi wa kwanza una nyimbo, sare na picha. Mwezi wa pili una harufu ya kidonda, mgonjwa asiyeshukuru, mvua na nauli. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa katika kikundi cha kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Wiki ya kwanza tulikwenda watu kumi na wanne. Wiki ya sita tulibaki watatu, na ya nane hakwenda mtu. Mzee mmoja aliniuliza baadaye, kwa upole, kama tulikuwa tumeugua. Swali hilo bado ninalo kifuani, na ndilo linaloandika makala hii.

Rathbone alimsihi Mary avumilie mpaka muda waliokubaliana. Mary akarudi mtaani. Miezi mitatu ilipotimia alikuja tena na ombi jipya: asirudishwe kwa matajiri. Alikuwa ameona wagonjwa wakiinuka na nyumba zikisimama tena, na akataka maisha yake yaishie kwenye kazi hiyo.

Wauguzi wa kutosha hawakuwapo, kwa hiyo Rathbone akamwandikia muuguzi mashuhuri Florence Nightingale. Ushauri wake ukawa: wafundisheni wenyewe, hapohapo mjini. Shule ikaanzishwa mwaka 1862, mji ukagawanywa katika maeneo 18, na uuguzi wa majumbani ukaenea Uingereza nzima. Mpaka leo muuguzi anayebisha mlango wa mgonjwa kule anatembea kwenye njia iliyofunguliwa na mama aliyetaka kuacha mwisho wa mwezi wa kwanza.

Basi nanyi, wa usharika wowote na wa imani yoyote, simameni. Chagueni mtaa mmoja, msichague mji mzima. Tembeeni humo nyumba kwa nyumba, muwaulize watu wanahitaji nini kabla ya kuwaambia mlichobeba. Wekeaneni ahadi ya miezi mitatu, yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa, ili anayechoka ajue anakamilisha nini. Mwenye fedha atoe, mwenye miguu aende, mwenye maneno aende ofisi ya kata akadai kile ambacho ni haki ya mtaa, kwa kuwa sufuria ya jirani haiondoi wajibu wa serikali kuleta maji. Na wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake ni hii tu: kumshika mkono mwenzenu atakayekuja akilia mwisho wa mwezi wa kwanza. Atakuja. Msimlaumu, wala msimwachie aondoke.

Wazee wetu walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Liverpool nayo ilichelewa kuliona hilo. Ina ukumbi mkubwa uitwao St George's Hall, wenye sanamu za marumaru za wanaume mashuhuri. Kwa zaidi ya miaka mia haikuwamo sanamu ya mwanamke hata mmoja. Ya kwanza iliwekwa mwaka 2012, na ni ya Kitty Wilkinson, mfua nguo wa mtaa wa Denison.

Hakuchemsha maji yale ili achongewe jiwe. Aliyachemsha kwa sababu nguo za jirani zilikuwa chafu na makaa yalikuwapo. Mtaani kwako, wiki hii, kuna nguo za mtu zinazosubiri maji ya moto. Washa jiko. Na mwezi wa pili ukifika, liwashe tena.